Kwa macho ni chokaa, kwa eksirei ni mfupa

*Wafinyanzi wa Zama za Shaba huko Hungaria, Hispania na Uskoti walitia vyungu vyao njumu nyeupe. Maabara imekitaja kitu walichotumia. Sasa ubishi umehamia kwingine: mifupa hiyo ilikuwa ya nani?*

Unga wenyewe haujazi hata ukucha wa kidole cha mwisho. Hukwanguliwa kwa ncha ya sindano, chini ya hadubini, kutoka kwenye mchanjo wa chungu cheusi kilichofinyangwa magharibi ya Mto Danube zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Mkono ukiteleza, nakshi ya fundi wa kale inapata jeraha la leo. Ndiyo maana watunza makumbusho wengi hawapendi hata kuisikia habari ya sindano.

Unga ni mweupe. Aliyewahi kuona ukuta uliopakwa chokaa atasema hii nayo ni chokaa, na hatakuwa wa kwanza. Wasomi wa Ulaya walisema hivyo kwa karne nzima, wakaandika vitabu, wakalipa kundi zima la watu wa kale jina la chokaa.

Kisha unga ukatiwa kwenye mashine ya eksirei, ikatoka alama ya madini mengine kabisa: haidroksiapatiti. Hayo ndiyo madini ya mfupa.

Padri na vyungu vyake

Vyungu hivi vilitengenezwa kati ya mwaka 2000 na 1500 KK hivi, katika eneo la Hungaria lililo kati ya Danube na milima ya Alps. Wafinyanzi walichora udongo ukiwa bado mbichi: mistari, pembe, duara, michoro kama mapambo ya shingoni. Kisha michanjo ikajazwa kitu cheupe, na chungu chenye mwili wa rangi nzito kikatoka na nakshi inayoonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Watu hao walichoma maiti zao. Mabaki ya moto waliyazika pamoja na vyungu, na si kimoja wala viwili: kaburi moja linaweza kutoa mitungi, mabakuli na vikombe vidogo visivyoingia hata funda mbili za maji. Kwa hiyo makumbusho ya Hungaria yana vyungu hivyo kwa wingi, vingi vikiwa vizima.

Aliyevipa umaarufu ni padri. Mór Wosinsky, kasisi wa Kikatoliki aliyefanya kazi zake katika mkoa wa Tolna na mji wa Szekszárd, alikuwa mmoja wa wale makasisi wa karne ya 19 waliosoma misa asubuhi na kufukua makaburi ya kale mchana. Mwaka 1904 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu vyombo vya kale vilivyotiwa njumu nyeupe, kwa Kihungari na kwa Kijerumani. Toleo la Kihungari lilitaja chokaa katika kichwa cha kitabu, na hadi leo Wahungari huwaita wafinyanzi hao watu wa vyungu vya chokaa.

Simlaumu. Hakuwa na mashine, na alikuwa na sababu nzuri. Milima ya Bakony na Mecsek ina mawe ya chokaa tele. Danube ina kombe. Fundi anayetafuta rangi nyeupe katika nchi kama hiyo angeanzia wapi kama si hapo?

Mashine inatambuaje?

Msomaji wa Lamu au Unguja ana nafasi nzuri ya kuuelewa ugomvi huu, kwa sababu chokaa anaijua tangu kwenye tanuri. Matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa. Moto unafukuza hewa ya ukaa, linabaki jiwe jepesi ambalo likimwagiwa maji huchemka na kupasuka kuwa unga. Likipakwa ukutani, polepole hujirudishia ile hewa na kuwa jiwe tena. Katika lugha ya madini, tumbawe, kombe, jiwe la chokaa na ukuta uliokauka vyote mwisho wake ni kaboneti ya kalsiamu.

Mfupa una kalsiamu pia, lakini imefungwa na fosfeti. Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini, na yanayobaki ni utomvu wa protini uitwao kolajeni, pamoja na maji. Ukitiwa motoni, mfupa huungua na kuwa mweusi kwanza, kisha wa kijivu, na joto likipita nyuzi 700 hivi za Selsiasi huwa mweupe kabisa na mwepesi wa kusagwa.

> Kalsiamu iko kwenye chokaa na iko kwenye mfupa. Anayepima kalsiamu peke yake hajapima kitu.

Hapo ndipo watafiti wa haraka walipoteleza. Kuna kifaa cha mkononi kama bunduki ambacho hupiga eksirei kwenye kitu na kusoma elementi zilizomo bila kukwangua chochote. Watunza makumbusho wanakipenda. Tatizo ni kwamba elementi nyepesi hutoa ishara dhaifu, na hewa iliyo kati ya kifaa na chungu huimeza sehemu yake. Kalsiamu inasomeka kwa sauti kubwa, fosforasi inanong'ona. Asiyejua hasara hiyo ataandika "chokaa" na kufunga faili.

Njia ya uhakika zaidi ni kusoma fuwele zenyewe. Eksirei zikipita kwenye unga hupinda kwa pembe ambazo ni za madini hayo tu, na kalsaiti, yaani kaboneti ya chokaa, haiwezi kujificha kama apatiti ya mfupa. Mionzi ya infraredi nayo huonyesha kama kuna kaboneti au fosfeti. Tena kuna faida ya ziada: kadiri mfupa ulivyochomwa kwa joto kali, ndivyo fuwele zake zinavyokua na kujipanga, na alama zake kwenye karatasi zinachongoka. Kwa hiyo mashine haisemi "mfupa" tu. Inaweza pia kusema mfupa uliochomwa, na kukisia moto wake ulikuwa mkali kiasi gani.

Mwaka 2008, katika jarida la Journal of Archaeological Science, watafiti Roberts, Sofaer na Kiss walitoa matokeo ya vyungu vya Hungaria vilivyopimwa kwa njia za namna hii. Njumu nyeupe zilionyesha haidroksiapatiti: jivu la mfupa. Mwaka mmoja kabla yake, Carlos Odriozola na Víctor Hurtado wa Seville walikuwa wamechapisha jambo hilohilo kuhusu vyungu vya milenia ya tatu KK kutoka bonde la kati la Mto Guadiana, mkoa wa Badajoz, Hispania. Na mwaka 2010 Neil Curtis na wenzake wakaripoti mfupa uliochomwa katika vyungu vyembamba vya makaburini huko Aberdeenshire, Uskoti.

Nchi tatu, pembe tatu za Ulaya, na vyungu visivyofanana kwa umbo.

Kwa nini mfupa?

Fundi anayeifahamu kazi yake atakuwa na jibu la kwanza, nalo halina uchawi wowote. Udongo wenye kokoto za chokaa ni balaa kwa mfinyanzi: motoni chokaa inabadilika, chungu kikipoa inavuta unyevu wa hewani, inavimba, na siku chache baadaye ubavu wa chungu unabanduka. Njumu ya kaboneti iliyotiwa kabla ya kuchoma ina hatari hiyohiyo moto ukizidi. Jivu la mfupa halina tabia hiyo. Fosfeti hustahimili joto la kawaida la kuchomea vyungu bila kuvunjika, na haivimbi ikikutana na maji.

Viwanda vya Uingereza vililigundua jambo hili upya baada ya miaka elfu kadhaa. Mwishoni mwa karne ya 18 Josiah Spode alikamilisha kaure nyeupe ambayo karibu nusu ya mchanganyiko wake ni jivu la mifupa ya ng'ombe. Vikombe vya namna hiyo bado vinauzwa, na watu wanavinywea chai bila kuuliza.

Lakini sababu ya fundi haimalizi habari. Njumu inaweza kutiwa baada ya kuchoma, na hapo hatari ya chokaa inapungua sana. Tena si kila mahali walichagua mfupa. Sofaer na Roberts walipopanua utafiti wao katika bonde la Danube, kwa kufuata njumu kutoka zama moja hadi nyingine, matokeo waliyochapisha mwaka 2016 hayakuwa ya kitu kimoja. Hispania kwenyewe kuna njumu za kaboneti, tena katika vyungu vya familia moja na vile vya mfupa. Ng'ambo ya dunia, katika visiwa vya Vanuatu, vyungu viitwavyo vya Lapita, vya takriban miaka 3,000 iliyopita, vilipambwa kwa chokaa, na hakuna wa kushangaa: visiwa hivyo vimezungukwa na matumbawe.

Kwa hiyo Hungaria, penye mawe ya chokaa milimani, mtu alipochukua mfupa alikuwa amechagua. Ubishi ni juu ya maana ya uchaguzi huo.

Babu au ng'ombe?

Kundi la kwanza la wasomi linatazama makaburi. Hawa ni watu waliochoma maiti, wakakusanya mifupa myeupe kwenye majivu, wakaizika na vyungu vyenye nakshi nyeupe ya mfupa uliochomwa. Mkono ule uliosaga mfupa kwa ajili ya chungu ulikuwa umeshazoea kuokota mfupa kwenye tanuri la msiba. Je, marehemu hakuwamo ndani ya nakshi? Wazo hilo lina mvuto mkubwa, na magazeti ya Ulaya yangelipenda hata bila ushahidi.

Kundi la pili linajibu kwa kutazama jaa la jikoni. Kila kijiji cha wafugaji kilikuwa na mifupa ya ng'ombe, kondoo na nguruwe ikizagaa. Chungu kimoja kinahitaji unga kidogo sana. Ubavu mmoja wa ng'ombe ungepamba vyungu vingi. Fundi aliyeutupa motoni pamoja na kuni angeupata mweupe asubuhi, bila msiba wala matambiko.

Uskoti inalichanganya jambo zaidi. Vyungu vya Aberdeenshire viliwekwa makaburini pamoja na maiti ambazo hazikuchomwa. Walizikwa wamejikunja ndani ya masanduku ya mawe, mifupa yao mizima. Kama njumu ya mfupa ni ishara ya watu wanaochoma wafu wao, inafanya nini hapa? Curtis na wenzake walikumbuka duara za mawe za eneo hilohilo, zenye mabaki ya mifupa iliyochomwa na uhusiano unaodaiwa na mwezi, wakakisia kwamba weupe wenyewe ulikuwa na maana. Walifanya hivyo kwa adabu: kichwa cha makala yao kilitaja mwezi, moto na chungu, kikatiwa alama ya kuuliza.

> Moto ulioufanya mfupa uwe mweupe ndio huohuo uliofuta jina la mwenye mfupa.

Je, maabara haiwezi kuamua? Kwa madini peke yake, hapana. Apatiti ya binadamu na ya ng'ombe ni apatiti. Tofauti ingetafutwa kwenye DNA au kwenye kolajeni, na vyote viwili huteketea kabla mfupa haujawa mweupe. Umbo la mfupa chini ya hadubini lingesaidia, kama usingekuwa umesagwa. Sampuli nayo ni ndogo mno.

Kuna mlango mmoja ulio wazi nusu. Christophe Snoeck na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba mfupa uliochomwa hadi kuwa mweupe huhifadhi strontiamu iliyoingia mwilini mtu akiwa hai, na strontiamu hubeba alama ya miamba ya mahali alipokula na kunywa. Mwaka 2018 walipima mabaki ya watu 25 waliochomwa na kuzikwa Stonehenge, Uingereza, wakaona kwamba 10 kati yao hawakuishi karibu na hapo miaka yao ya mwisho. Alama za baadhi yao zinalingana na magharibi ya Wales. Kwa njumu ya chungu, kipimo hicho kingeweza kusema mwenye mfupa alikula wapi. Kisingesema kama alikuwa mtu au ndama.

Mimi, kwa hesabu zangu za mwandishi asiye na chungu cha kutetea, naona kundi la jikoni lina ushahidi mwepesi kuubeba, na kundi la makaburini lina swali zuri zaidi. Ila swali zuri lisiandikwe kwenye kibandiko cha makumbusho kana kwamba limejibiwa. Nimesoma maelezo yanayosema "mifupa ya mababu" bila hata neno "huenda".

Mkono wa mkarabati

Kabla ya kuuliza mifupa ni ya nani, kuna swali la kuudhi zaidi: je, weupe huo ni wa kale?

Katika karne ya 19 na ya 20 vyungu vingi viliunganishwa na kujazwa mapengo kwa jasi. Wapiga picha na wachoraji nao walikuwa na mazoea ya kupaka chaki kwenye michanjo ili nakshi ionekane vizuri. Baadhi ya weupe unaong'aa nyuma ya kioo ni wa fundi wa makumbusho, wala hakuandika popote kwamba alipaka.

Hapa madini ni shahidi asiye na huruma. Jasi ni salfeti ya kalsiamu, inajitenga papo hapo na kaboneti na fosfeti. Ikionekana titani katika rangi nyeupe, kazi imekwisha: rangi ya titani iliingia sokoni karne ya 20. Chaki ndiyo mjanja, kwa sababu ni kalsaiti sawa na chokaa ya kale, na aliyepima chaki ya mpiga picha anaweza kuitangazia dunia chokaa ya Zama za Shaba.

Ardhi nayo ina ujanja wake. Maji ya udongoni huacha kalsaiti kwenye michanjo mitupu. Udongo wa makaburi una fosfeti iliyotoka kwa wafu wenyewe. Mtafiti makini hupima vitu vitatu pamoja: njumu, mwili wa chungu, na udongo ulioshikamana nacho. Fosfeti ikijaa kwenye njumu na kukosekana pembeni yake, hapo ana la kusema. Akipima njumu peke yake, wenzake wana haki ya kumrudisha maabara.

Na hapa ndipo sindano inaporudi kuwa ugomvi. Mkemia anataka miligramu chache. Mtunza makumbusho anasema chungu kimeishi miaka 3,500 na mchanjo wake una njumu kidogo tu iliyobaki. Kila kizazi cha wapimaji kikichukua kidogo, kizazi cha tano kitapima nini? Wengine wanakubaliana kuanza na vifaa visivyogusa, kisha sindano itumike kwenye vigae vilivyovunjika tu. Ni mapatano ya busara, ingawa yana kasoro yake: vigae vilivyovunjika si lazima viwe na habari sawa na vyungu vilivyochaguliwa kwenda kaburini.

Afrika nayo

Njumu nyeupe si mali ya Ulaya. Wafugaji wa Nubia ambao wanaakiolojia huwaita Kundi C, waliokaa kando ya Nile kati ya Misri ya leo na Sudani tangu takriban mwaka 2300 KK, walifinyanga mabakuli meusi yaliyong'arishwa, yenye michoro ya pembe na miraba iliyojazwa weupe. Ukiweka bakuli lao kando ya chungu cha Szekszárd, asiyejua atadhani ni ndugu. Hawakuwa ndugu.

Pwani yetu ina kesi yake, nayo ni ya mng'ao. Katika vyungu vya mapema vya Waswahili, vile vya karne ya 7 hadi ya 10 vilivyofukuliwa Shanga, Unguja Ukuu, Tumbe na kwingineko, vingi vimechanjwa pembetatu shingoni. Pamoja navyo kuna mabakuli yaliyopakwa rangi nyekundu na mengine yenye mng'ao wa grafaiti. Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones waliyaangalia kwa makini mabakuli hayo mwaka 2011, wakayahusisha na ulaji wa pamoja na kukirimu wageni.

Wekundu huo unaweza kuwa ngeu iliyochimbwa ikiwa nyekundu tayari, au udongo wa manjano uliogeuzwa kwa moto. Madini ya chuma ya manjano huanza kuwa mekundu kwa joto la chini kuliko linalochoma chungu chochote. Mng'ao nao unaweza kuwa grafaiti ya kweli, au mika, au udongo uliosuguliwa kwa kokoto laini na kuvutishwa moshi. Jicho halitoshi, kama lilivyoshindwa Hungaria. Na kama ni grafaiti, ilichimbwa mahali fulani bara na kushushwa pwani, jambo ambalo lingeongeza mstari kwenye ramani ya biashara ya karne hizo.

Kizuizi kikubwa kiko kwenye beseni. Katika machimbo mengi ya akiolojia, ya Ulaya na ya kwetu, jioni vigae hutiwa majini na kusuguliwa kwa mswaki hadi viwe safi, tayari kuhesabiwa na kupigwa picha. Grafaiti laini hutoka kwenye mswaki. Njumu iliyolegea huanguka chini ya beseni na kumwagwa na maji. Wataalamu wa vipimo huomba kitu kidogo sana: kwamba katika kila shimo vigae kadhaa vyenye nakshi viwekwe kando bila kuoshwa, vifungwe na udongo wao, na viandikwe tabaka vilikotoka.